Wakili Asiyeeleweka na Mama Yake

Wanafunzi wangu, kila muhula huulizwa swali lile lile: “Mwalimu, Kiswahili kitatufikisha wapi, ilhali mahakamani ni Kiingereza kitupu?” Wanaouliza hivyo aghalabu ni wale wanaotamani kusomea sheria, na baadhi yao huitaja India, kwa kuwa vyuo vyake hupokea vijana wengi kutoka Afrika Mashariki. Leo sitawajibu kwa mambo ya hapa Uganda kwanza. Twende huko huko India, tumtazame mwanafunzi wa sheria katika maisha yake, kisha tujiulize elimu yake inamfaa nani.

Msimamo wangu nautangaza mapema ili asiwepo wa kusema nimemvizia. Sheria inayosemwa kwa lugha asiyoijua raia ni kufuli. Chuo kinachompa kijana ufunguo wa kufuli hilo, bila kumfunza kuwafungulia wenzake, hakijamwelimisha bali kimemtenga nao.

Tumchukue binti mmoja wa mfano. Amezaliwa katika kijiji cha Gujarat, jimbo la magharibi mwa India walikotoka mababu wa wengi wa Wahindi wenye maduka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Amesoma shule ya serikali kwa Kigujarati hadi darasa la 12. Anataka kuwa wakili kwa sababu amewaona majirani wakitia dole gumba kwenye hati wasizozielewa, kisha wakashangaa shamba limekwenda.

Mlango wa kwanza anaoukuta ni mtihani. Vyuo vikuu vya kitaifa vya sheria, ambavyo cha kwanza chao kilianzishwa Bangalore katika miaka ya 1980, huchagua wanafunzi kwa mtihani wa pamoja uitwao CLAT, ulioanza mwaka 2008, nao umekuwa ukifanywa kwa Kiingereza peke yake. Hata maswali ya hesabu na ya mantiki hufichwa ndani ya vifungu virefu vya lugha hiyo. Mtoto wa mjini aliyesoma shule ya kulipia huanza mbio akiwa katikati ya uwanja, na binti yetu huanza akiwa nje ya ukuta. Mwaka 2023 shauri lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Delhi kuomba mtihani huo utolewe pia kwa lugha nyingine za nchi. Sasa sikilizeni ajabu yenyewe: mtihani wa Baraza la Mawakili la India, ule unaomruhusu mhitimu kufanya kazi ya uwakili, hutolewa kwa lugha kadhaa. Yaani mtu aweza kuthibitisha kwa lugha yake kwamba anafaa kuwa wakili, lakini hawezi kuthibitisha kwa lugha hiyo hiyo kwamba anafaa kuanza kuusomea uwakili katika vyuo vinavyosifika. Nani ataniambia kwamba kinachopimwa mlangoni hapo ni akili?

Wapo Wahindi walioliona hilo wasinyamaze. Mwaka 2010 mwanazuoni wa sheria Shamnad Basheer alianzisha mpango uitwao IDIA, wa kuwatafuta vijana wa familia maskini, kuwaandaa kwa mtihani na kuwashika mkono hadi wahitimu. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini ngazi huwekwa mahali penye ukuta. Nasi tuna haki ya kuuliza ukuta huo ulijengwa kwa faida ya nani.

Tuseme binti yetu amefaulu kupenya. Mbele yake ipo miaka mitano ya masomo. Kanuni za mwaka 2008 za Baraza la Mawakili humtaka ahudhurie angalau asilimia 70 ya vipindi na afanye mafunzo ya vitendo yasiyopungua wiki 20. Hukariri vifungu usiku bwenini, na hushiriki katika mahakama ya mazoezi, ambamo wanafunzi hutetea kesi za kubuni mbele ya majaji wa kuigiza. Humo hujifunza upesi kwamba anayeteleza katika matamshi ya Kiingereza huonekana mzito wa akili, hata hoja yake ikiwa nzito kuliko za wote. Hujifunza kunyamaza, kisha huanza kuiga, na hatimaye husahau.

Kanuni hizo hizo hukitaka kila chuo cha sheria kiwe na kituo cha msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Basi mwaka wa nne binti yetu hurudi kijijini pamoja na wenzake kuwasaidia watu. Mjane humwuliza: “Mwanangu, shemeji zangu wanaweza kunitoa katika nyumba hii?” Kifungu anakijua. Anaijua na hukumu iliyokifasiri. Lakini vyote viwili vimo kichwani mwake kwa Kiingereza, na anapofungua kinywa kueleza kwa Kigujarati, maneno hayaji. Miaka ile imempa maneno ya kusemea na majaji, ikampokonya maneno ya kusemea na mama yake. Hapo ndipo nisemapo ametengwa.

Mtanijibu kwamba kosa si la chuo, bali la mahakama ambazo chuo kinaziandalia watumishi. Kweli. Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, inasema katika ibara ya 348 kwamba shughuli za Mahakama ya Juu na za Mahakama Kuu za majimbo zitakuwa kwa Kiingereza hadi Bunge litakapoamua vinginevyo. Mahakama za chini huweza kutumia lugha ya jimbo. Matokeo yake ni kwamba mkulima huanza kesi yake akielewa kila neno, na kadiri anavyokata rufaa ndivyo asivyoelewa, hata inapofika siku ya uamuzi wa mwisho juu ya shamba lake, yeye ni bubu na kiziwi ndani ya kesi yake mwenyewe.

Malalamiko haya si mapya. Mwaka 1909 Gandhi, mwana wa Gujarat aliyesomea sheria London, aliandika kwa Kigujarati kitabu kiitwacho Hind Swaraj. Humo aliona uchungu kwamba Mhindi, ili aende mahakamani katika nchi yake mwenyewe, analazimika kutumia Kiingereza. Nchi ilipata uhuru mwaka 1947. Baadaye Gujarat, pamoja na Tamil Nadu na majimbo mengine, iliomba lugha yake itumike katika Mahakama Kuu yake. Mwaka 2012 majaji wa Mahakama ya Juu walikaa wakaamua maombi hayo yasikubaliwe. Mkoloni alikwishaondoka miaka 65 kabla ya siku hiyo.

Wanaotetea hali hii wana hoja zao, nazo nitazijibu moja moja. Wa kwanza husema: India ina lugha nyingi mno, ukiondoa Kiingereza, utamkweza Mhindi wa kaskazini juu ya mwenzake wa kusini. Hofu hiyo naiheshimu. Mwaka 1965 watu wa Tamil Nadu waliandamana, na baadhi yao wakafa, wakipinga kulazimishwa Kihindi. Lakini hakuna anayedai kufuli la Kiingereza libadilishwe kwa kufuli la Kihindi. Ibara ile ile ya 348 inamruhusu gavana, kwa ridhaa ya rais, kuidhinisha lugha ya jimbo katika shughuli za Mahakama Kuu. Majimbo manne, yaani Rajasthan, Uttar Pradesh, Madhya Pradesh na Bihar, yalipata idhini hiyo kwa Kihindi kati ya mwaka 1950 na 1972, na mahakama zao zingali zimesimama. Kilichofaa kwa wasemao Kihindi kina ubaya gani kwa msemaji wa Kigujarati au Kitamili?

Wa pili husema: lugha zetu hazina msamiati wa sheria. Huyu hajui historia. Kabla ya Mwingereza, mahakama za India zilijaa maneno yaliyotoka Kiarabu kwa njia ya Kiajemi, na mengine ni ndugu wa maneno yetu. Mwanasheria kwao ni vakil, kwetu ni wakili. Sheria kwao ni kanoon, kwetu tunayo kanuni. Kumwachia mshtakiwa hadi siku ya kesi kwao ni zamanat, kwetu ni dhamana. Maneno hayo yalivuka bahari na majangwa na kuota mizizi pande zote mbili. Msamiati hauotei kabatini. Huota kinywani mwa mwenye kuutumia.

Wa tatu ni serikali inayodhani imekwisha kulitatua tatizo. Tarehe 1 Julai 2024 India iliiacha Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860 na kuanza kutumia sheria mpya iitwayo Bharatiya Nyaya Sanhita. Jina sasa ni la Kihindi, lakini lugha ya Mahakama ya Juu ni ile ile. Kubadili jina la sheria bila kubadili lugha ya kesi ni kuupaka rangi mlango uliofungwa.

Sasa turudi nyumbani, maana Kanuni ile ya mwaka 1860 tunaifahamu. Waingereza waliileta huku pamoja na sheria nyingine za India, na ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika hadi zilipotungwa kanuni mpya mwaka 1930. Tulivishwa kiatu kimoja na Wahindi, na malengelenge yetu yanafanana. Tanzania imeanza kukivua: mwaka 2021 ilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi haijakwisha, lakini imeanza. Sisi Uganda tulikitambua Kiswahili katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, lakini mahakamani mshtakiwa asiyejua Kiingereza bado humtegemea mkalimani. Katiba inampa mkalimani huyo bila malipo, na hilo ni jema. Ila mkalimani huketi kando ya sheria, haketi ndani yake.

Nisiwafiche upande mwingine. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilisikika kwanza kinywani mwa askari mwenye bunduki, nao wana sababu ya kukitilia shaka, kama Watamili na Kihindi. Kwa hiyo sidai Kiswahili kiwe kufuli jipya juu ya Kiluganda, Kiacholi au Kirunyankole. Nadai kila raia ahukumiwe kwa lugha anayoielewa, na Kiswahili kiwe mojawapo ya funguo. Wala sisemi msisome Kiingereza. Kisomeni sana, lakini msikubali kiwe kipimo cha akili yenu wala sharti la haki ya mama zenu.

Basi jibu langu kwa swali la kila muhula ni hili: Kiswahili kitawafikisha pale mtakapokipeleka. Atakayekwenda India kusomea sheria na aende kwa baraka zangu. Lakini kabla hajaondoka, na achukue kifungu kimoja cha Katiba yetu kinachohusu haki za mshtakiwa, akieleze kwa Kiswahili katika sentensi tano, kisha amsomee jirani asiyesoma. Jirani akielewa, safari imeanza vyema. Asipoelewa, kosa lisitafutwe kwa jirani.