Nani Kala Ufukwe wa Kunduchi?

Nimechoka na sentensi moja. Kila hadithi ya vijana wenzangu ikifika Kunduchi au Mbezi, lazima bahari imeze nchi kavu. Shujaa kaachwa na mchumba, kasimama ufukweni, na bahari nyuma yake inameza tu. Hata mimi niliiandika katika mswada wangu wa riwaya, sura ya tatu. Nimeifuta. Nawaomba na ninyi mfute.

Mshikaji mmoja kijiweni kaniambia eti fasihi si jiografia. Sawa. Mimi mwenyewe jiografia ya kidato cha nne nilipata D. Lakini wavuvi wa Kunduchi hawajasoma kitabu hicho, na wao husema mchanga umehama. Hawasemi umemezwa. Ukitaka kuijua tofauti ya maneno hayo, kaa pale yanapoegesha mashua msimu mzima, siyo Jumapili moja ya bia.

Kusi ikivuma, kuanzia Mei hivi mpaka Oktoba, mawimbi huupiga ufukwe kwa mshazari na kuusukuma mchanga kaskazini. Kaskazi ikiingia, sehemu yake hurudi kusini. Sehemu tu, maana kwa mwaka mzima kusi ndiyo mshindi. Tena mawimbi makubwa huukwangua ufukwe, huuvuta mchanga nje kidogo na kuulaza pale, ukawa fungu. Wengi hulidharau fungu, kumbe ndilo linalovunja mawimbi yanayofuata kabla hayajafika ukingoni. Bahari ikitulia, vimawimbi huurudisha ule mchanga pole pole. Ufukwe uliouona Julai siyo wa Februari. Hapo hakuna aliyekula wala aliyeliwa, bwana.

Hasara iko kwenye mapato. Mchanga mpya huletwa na mito: Tegeta, Mbezi na vijito wenzao. Sisi tukaingiza malori mitoni, tukachota kwa miaka na miaka kujenga mji. Chumba hiki ninachopanga, ninamoandikia haya, sidhani matofali yake yalishuka kutoka mbinguni. Basi kila kusi ufukwe hutoa kwenda kaskazini, na mfukoni hakiingii kitu. Wataalamu hutaja na mengine, miamba iliyovunjwa kwa baruti na maji ya bahari yanayopanda. Sikatai. Hata hivyo hoteli ya Africana iliachwa ikawa magofu, na jina lake leo wanaliita makonda wa daladala.

Wenye hoteli nyingine wakajenga kuta za mawe zinazoingia baharini. Kusini mwa ukuta mchanga hujaa. Kaskazini, kwa jirani, pananyonyoka. Jirani naye anajenga wake, na jirani yake naye analia. Jamani, huo si mkasa? Mnatafuta visa vya mapenzi na majambazi, na hapa kuna watu wanaibiana ardhi usiku na mchana bila kugusana!

Mnaopenda machozi, nendeni Pangani. Kisiwa cha Maziwe kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha kuanguka, na kisiwa kimebaki fungu tupu: maji yakipwa unaliona, yakijaa limezama. Kasa bado wanarudi. Wanafukia mayai palepale, na watu huyahamishia bara, la sivyo yanazama na mchanga wake. Ukiandika kwamba bahari ilimeza kisiwa, umemfuta kasa, umemfuta na yule mtu anayevuka na ndoo ya mayai.

Sura yangu ya tatu sasa inaanza alfajiri, mtoni Tegeta, na vijana wanne wenye makoleo wanaolipwa kwa lori. Mmoja wao ni mtoto wa mvuvi. Baba yake bado hajajua.