Mzee wa Eliye na Nyumba ya Wazee

Mwezi uliopita nilifunga safari kwenda Eliye Springs kumjulia hali baba yangu mzazi. Kutoka Lodwar gari hushika barabara ya Kalokol, kisha huiacha lami na kupasua mchanga hadi ufuoni mwa Ziwa Turkana, pale ambapo chemchemi hububujika kati ya mikoma. Katika miaka ya karibuni ziwa limefurika, na baadhi ya mikoma hiyo imefia majini. Boma la baba limekwisha kuhamishwa mara moja.

Mzee alikuwa askari. Aliandikishwa mwaka 1964, akapelekwa Wajir katika vita vya Shifta, vilivyokoma kwa mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Bomu lililotegwa barabarani lilimwachia sikio moja. Aliirudia mifugo yake kabla ya kutimiza miaka ya utumishi inayompa askari haki ya pensheni. Kwa hivyo, sisi wanaisimu tukiulizwa, yeye si ‘mstaafu’. Na neno ‘veterani’, lililomo katika sheria ya mwaka 2022 kuhusu maslahi ya wanajeshi wa zamani, hajapata kulisikia.

Sasa amepita miaka themanini, na miguu imegoma. Ndugu zangu walioko Nairobi walinituma nimshawishi aingie katika makao ya wazee. Walitaja mfano wa Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini. Sina neno baya juu ya makao ya namna hiyo. Tena huniudhi kusikia yakilaaniwa kuwa ni desturi ya Wazungu, maana wanaolaani aghalabu huishi mjini, kama mimi, na wazazi wao wamewaachia wengine.

Mzee alinisikiliza kwa sikio lake zima, akajibu kwa Kiswahili cha kambini, kile kilichorithiwa kutoka King’s African Rifles: “Mimi hapana kwenda.” Wanafunzi wangu wangekikosoa kitenzi hicho. Lakini ‘sitakwenda’ huweza kubembelezwa hadi kesho. ‘Hapana kwenda’ ni amri iliyokwisha kutolewa.

Basi anabaki, na swali ni nani atamtunza. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa ipasavyo na jamaa zake na Serikali. Hiyo ‘na’ ya mwisho ndiyo inayonishughulisha. Kisarufi inawafunga wote wawili. Kwa vitendo kila mmoja humngoja mwenzake. Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii kwa waliotimiza miaka 70. Ni msaada, siukatai. Lakini fedha hazimwogeshi mtu, wala hazimgeuzi usiku ili asipate vidonda vya mgongo.

Anayeyafanya hayo ni mke wa kaka yangu. Zamani kazi hiyo ingegawanywa kwa vijana wa boma. Leo vijana wako shuleni, nasi walimu ndio tuliowaita huko, na tulifanya vyema. Hata hivyo, katika hesabu zetu za faida ya elimu hatukuandika popote kwamba mtu mmoja angebaki nyuma akibeba mzigo wa wote. Kaunti zina wahudumu wa afya wa jamii wanaozunguka vijijini. Wangefundishwa kumsaidia mtunzaji, na mtunzaji naye akalipwa chochote, wazee wengi wasingehitaji kuhamishwa.

Nilipokuwa nikiaga, aliniuliza kwa upole: “Shemeji, siku nikiugua mimi, utakuja wewe?” Niliahidi fedha za kila mwezi, na tayari nimezituma. Lakini yeye hakuwa ameuliza habari za fedha.