Piano ya zamani haiko kuni

Kuna watu wanasema piano ya zamani ni mbao ya kuwashia moto tu. Mimi nakatala. Ndugu wachimbaji, ba mama na watoto wa nyumba zenu, munisikilize kidogo juu ya musiki ya Frédéric Chopin, mutu wa Polandi aliyeishi Paris toka 1831 mpaka alipokufa mu mwaka wa 1849.

Piano alizozipenda zaidi zilitoka kwa kiwanda cha Pleyel. Zilikuwa nyepesi, nyuzi zao hazikuvutwa sana, na sauti ilikuwa inazimika mapema. Piano kubwa ya leo iko ingine kabisa. Ndani iko na kiunzi cha chuma, juu nyuzi zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu tani 20. Nyuzi za sauti nene zinazungushiwa waya ya shaba, ile shaba jimbo letu lilibeba jina yake toka 1971 mpaka 1997. Sauti inatoka kubwa, inakawia, inajaza sale ya watu 2000.

Basi mambo inaharibika wapi? Ni kwa pedali. Chopin aliandika kwa kartasi fasi ya kukanyaga pedali na fasi ya kuiacha. Mara ingine anaomba mguu ukawie chini. Ukifanya vile kwa piano ya leo, sauti zinachanganyika sawa watu kumi wanaosema pamoja mu chumba kidogo. Juu ya ile, kiisha kifo chake, kuna waliochapisha musiki yake na kugeuza alama zile, sawa vile yeye alikosa. Lakini peleka kartasi ile ile kwa Pleyel ya zamani: sauti moja inakufa, ingine inapata nafasi, unasikia yote wazi. Chopin hakukosa. Chombo njo kilibadilika.

Ninyi munajua jambo hili kwa mikono yenu. Mutu wa mashini hawezi kuchekelea shimo ya muzee aliyechimba na piki, kama yeye mwenyewe hajashika piki hata siku moja.

Wengine watajibu: piano zile zimezeeka, haziweze kusikika mu sale kubwa. Ni kweli. Tena zingine zilikwisha kupotea. Mu 1863, huko Varsovie, askari wa Urusi walitupa piano ya Chopin kwa dirisha, ikavunjika. Lakini mu 2018, Taasisi ya Chopin ya Polandi ilifanya mu muji ule ule mashindano ya kwanza ya kupiga musiki yake kwa vyombo vya wakati wake; ya pili yalikuja mu 2023. Fundi Paul McNulty alitengeneza kopi ya piano ya Buchholtz, fundi wa Varsovie wa siku za ujana wa Chopin. Kumbe kitu kilichovunjika kinaweza kurudi, kama kungali mikono inayojua kazi.

Mawazo yangu ni haya: kila shule kubwa inayofundisha Chopin iweke hata piano moja ya namna ile, na mwanafunzi aipige mbele ya kugeuza alama hata moja. Piano ya leo ibakie, haina ubaya. Lakini ufundi ukikufa pamoja na wazee wake, hata mufuko wa pesa hautaurudisha.