Karafuu na Daktari wa Meno

Ni nadra nyumba ya mkulima kukosa karafuu ya kutia katika jino linalouma. Sisi hatuidharau dawa hii. Ndani ya mafuta ya karafuu mna kitu kiitwacho yujenoli, nacho hutia ganzi. Na madaktari wa meno wenyewe hukichanganya na unga wa oksidi ya zinki wakaziba jino kwa muda. Basi adhaniaye kwamba kwenda kwa daktari ni kuitupa karafuu yetu, huenda akaikuta huko huko, na harufu yake ile ile.

Lakini ganzi si kupona. Maumivu yakinyamaza, jino huendelea kuliwa chini kwa chini. Kila msimu twawasikia wenzetu: "Nitakwenda karafuu zikisha kuanikwa." Shavu likivimba na homa ikaja, usaha umekwisha fika kwenye mzizi, na hapo hapana mafuta yatakayouondoa. Tena mafuta matupu huunguza ufizi, na mtoto akiyanywa, hata vijiko viwili tu, yaweza kumharibu ini. Yawekwe mbali naye.

Twawaomba wenye mashamba wampe mchumaji mwenye jino bovu ruhusa ya siku moja aende hospitali, hata uchumaji ukiwa umepamba moto.