Suzu, mji uliobaki na wazee

Mzazi hufurahi mwanawe anapopata kazi mji wa mbali. Ni wachache wanaojiuliza siku hiyo hiyo: je, baba na mama wakipatwa na jambo usiku, nani atawafikia kwanza?

Wazee wa Suzu, nchini Japani, wanalijua swali hilo vizuri. Mji wao uko kwenye ncha ya rasi ya Noto, mkoa wa Ishikawa. Bahari imeuzunguka pande tatu, na upande wa nne ni vilima. Ulizaliwa Julai 15, 1954, miji midogo mitatu na vijiji sita vilipounganishwa. Wakati huo ulikuwa na watu zaidi ya 30,000, wavuvi, wakulima na wapika chumvi wanaomwagia mchanga maji ya bahari hadi leo.

Mwaka 1964 reli ilifika Takojima, bandari ya wavuvi ndani ya mji huo. Lakini treni iliyoleta wageni ndiyo iliyowachukua vijana kwenda kutafuta vyuo na kazi. Abiria wakapungua mwaka hadi mwaka, na mwaka 2005 reli ikafungwa. Uwanja wa ndege wa Noto, uliofunguliwa 2003, uko nje ya mji. Msafiri humalizia safari kwa basi au gari. Sensa ya 2020 ilikuta watu wasiofika 13,000. Takriban nusu yao walikuwa na miaka 65 au zaidi.

Januari 1, 2024, wengi wa watoto na wajukuu walikuwa wamerudi kusherehekea Mwaka Mpya na wazee wao. Saa 10 jioni likapiga tetemeko la ukubwa wa 7.6. Nyumba za mbao zililala chini, tsunami ikaingia, na maporomoko yakakata barabara. Vitongoji kadhaa vikawa kama visiwa. Msaada haukuweza kufika upesi.

Hata hivyo, kuna wakazi wa pwani ya Jike, ndani ya Suzu, waliookoka tsunami kwa sababu walikuwa wamejiandaa. Baada ya tsunami ya 2011 iliyopiga upande mwingine wa Japani, walijizoesha kukimbilia kilimani. Ardhi ilipotikisika, hakuna aliyesubiri kuambiwa. Majirani walipanda pamoja.

Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Mtoto aliye mbali asiishie kutuma fedha. Amfahamu jirani wa wazazi wake kwa jina, awe na namba yake ya simu, na akienda likizo akae na wote wawili wakubaliane: hatari ikija, mama anakimbilia wapi, na nani anamshika mkono? Barabara ikishakatika, swali hilo limechelewa.