Weusi wa Lupita

Binti wa Muhuta aendaye sokoni Rumonge au Bujumbura kutafuta mkorogo wa kujichubua, na asikie kwanza habari za Lupita Nyong'o.

Mwigizaji huyu Mkenya alizaliwa Mexico mwaka 1983, akakulia Kenya. Mwaka 2009 alionekana katika Shuga, mchezo wa televisheni uliowaonya vijana juu ya UKIMWI. Yeye ndiye aliyekuwa Ayira. Baadaye alihitimu uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 2014 akatunukiwa Oscar.

Sifa hizo ni kubwa, lakini linalozihusu zaidi nyumba zetu ni hotuba yake ya mwaka huo huo huko Marekani. Aliisoma barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaghairi alipomwona yeye. Kisha akakiri kwamba utotoni alichekwa kwa weusi wake, hata akamwomba Mungu aamke mweupe, akiahidi kuacha kudokoa sukari usiku! Kila asubuhi alikimbilia kioo, akajikuta vile vile. Mama yake alimwambia kuwa uzuri hauliwi (neno la kusemwa jikoni mikeke ikikaangwa). Faraja aliipata alipomwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini, mweusi kama yeye, akisifiwa kila mahali.

Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, nayo huharibu figo.

Mwaka 2019 Lupita alitoa kitabu cha watoto, Sulwe, yaani nyota kwa Kijaluo. Kinamhusu mtoto aliye mweusi kuliko jamaa zake wote.