MASHINE ZA KUKODI NA MSHAHARA WA KUKATWA



Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini. Ni mbali sana na Diani. Lakini asubuhi yake mimi na wenzangu wawili tulikuwa zamu ya mapokezi katika hoteli moja nisiyoitaja jina, na kompyuta zote zilikuwa zimekwama. Wageni wataka hesabu zao, gari la kwenda uwanja wa ndege wa Ukunda lapiga honi, na hesabu zenyewe hazimo hotelini. Ziko ng'ambo, katika mashine za kampuni ambayo hoteli huilipa kila mwezi ili iruhusiwe kutazama vitabu vyake yenyewe! Tuliandika kwa mkono, mengine kwa kukisia. Mwisho wa mwezi pesa zikapungua. Nani alilipa? Tulikatwa sisi watatu, mshahara wa siku tatu kila mmoja.

Chama kilisimama. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Kazi ya 2007 kikasomwa mbele ya meneja, kwamba upungufu wa pesa hukatwa kwa mfanyi kazi aliyekabidhiwa pesa hizo ikiwa umetokana na uzembe wake au udanganyifu wake, na si vinginevyo. Pesa zetu zikarudi baada ya miezi miwili. Lakini mashine ni zile zile, na waya ni ule ule.

Wako wanachama wasemao kwamba kompyuta ni mambo ya meneja na mafundi wa Nairobi, sisi tushike mishahara yetu. Ndugu zangu, huo ndio mshahara wenyewe! Tulipodai nyongeza tuliambiwa hakuna pesa, kwa sababu lazima zinunuliwe kompyuta mpya. Kwa nini lazima? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza bure Windows 10, na Windows 11 inayoifuata haizikubali kompyuta nyingi za zamani hata zikiwa nzima. Sasa stoo imejaa. Nimeziona kwa macho yangu. Hazikuungua wala hazikuanguka. Zimefukuzwa kazi kama afukuzwavyo kibarua, kwa barua tu.

Mashine hizo hizo zaweza kuendelea miaka mingine kwa Linux. Msingi wake ulianzishwa mwaka 1991 na kijana wa Ufini, Linus Torvalds, na maandishi yake yako wazi: kila mtu aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenziwe bila kulipia ruhusa. Barua zaandikwa, hesabu zafanyika, orodha ya wageni yatunzwa. Sisemi hakuna taabu. Tulijaribu kompyuta moja kuukuu ya ofisi ya tawi, na printa ilitugomea siku mbili (nayo yafaa iwe mwanachama). Siku ya tatu ilikubali, na tangu hapo barua zote za chama zatoka hapo.

Nendeni Gazi mkatazame chombo kikitiwa kalafati. Fundi akijua ubao gani umelegea hutia pamba, hupaka sifa, na kesho watu wako baharini. Hakuna bwana aliye ng'ambo awezaye kuandika barua kwamba chombo hicho kisielee tena. Mbona kwa kompyuta twakubali?

Na wasituambie kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Mfumo wa OpenMRS, wa kuandika habari za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, kazi ya Wakenya pamoja na Wamarekani wa Indiana, na maandishi yake yako wazi. Juu yake ukajengwa KenyaEMR, utumikao katika hospitali na zahanati nyingi za serikali kwa wagonjwa wa ukimwi. Lakini hapa tuseme kweli yote. Fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka Marekani, na Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake. Maandishi ya mfumo hayakuweza kufungwa, yako wazi mpaka leo. Waliokuwa wakilipwa kwa fedha za kigeni wauangalie, hao ndio walioshikwa na hofu ya kazi. Basi programu iliyo wazi bila fundi wetu anayelipwa na sisi ni nusu ya safari.

Sisi wa Kwale twajua kuachwa. Madini ya titani yalipakiwa melini Likoni tangu mwaka 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma, na kazi za watu wengi zikakoma nao.

Kwa hiyo katika mapatano yajayo tutataka iandikwe kwamba mfanyi kazi hakatwi hata senti moja kwa kosa la mashine au la waya. Tutataka vitabu vya hoteli viwe na nakala humu humu hotelini, katika mashine iwezayo kufunguliwa bila idhini ya ng'ambo. Na kabla ya kununua mpya, zilizo stoo wapewe kwanza vijana wetu waliosomea ufundi, wazijaribu kwa Linux, na walipwe ujira wa fundi, si soda na asante. Meneja atasema wafanyi kazi hawajui kompyuta. Siku ile ya Mei yeye alijua nini?

Kila mwakilishi wa kazini, kuanzia Diani mpaka Msambweni, ahesabu mashine zilizotupwa mahali pake, aandike mwaka wa kununuliwa na sababu ya kutolewa, alete karatasi hiyo katika mkutano wa tawi. Karatasi isiyo na mwaka itarudishwa.

Mwanachama wa Mapokezi, Diani